Bibi Hakuwa Mgonjwa: kisa cha kipindi kimoja cha Kiingereza, kidato cha kwanza

Msichana alisimama, akashika ukingo wa meza, akaanza: "Last Sunday, my grandmother…" Akanyamaza. Macho yakapanda darini, kama ya mtu anayetafuta neno. Mwalimu alimsubiri kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akammalizia: "…was sick?" Msichana akajibu, "Yes, teacher." "Good. Sit down." Kipindi kikaendelea.

Kengele ilipogonga nilimfuata nje. Akaniamkia, nikaitika, nikamuuliza kwa Kiswahili bibi anaendeleaje. Akanitazama kwa mshangao. Bibi yake hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alichotaka kusema ni kwamba Jumapili ile mbuzi wa bibi alizaa mapacha, na nyumbani alikuwa yeye peke yake, ndiye aliyewafuta wale watoto wa mbuzi kwa gunia. Neno lililomkwama ni "kuzaa".

"Sasa mbona uliitikia yes?"

"Mwalimu alikuwa ameshasema, Madam."

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na jibu hilo limenikaa kichwani kuliko mengi niliyoyasikia kwenye mafunzo. Ndilo lililonifanya niandike kisa hiki kirefu.

Nilikuwa darasani humo kwa kualikwa. Mwenzangu, kijana aliye mwaka wa tatu kazini katika shule moja ya kata mkoani Morogoro, alinijia ofisini akasema: "Madam, hawa watoto wa Form One B hawaongei kabisa. Njoo ukae nyuma unitazamie, labda kuna kitu sikioni." Si wengi wanaothubutu kuomba hivyo. Mwalimu akiona mtu amekaa nyuma ya darasa lake na kalamu, moyo humwenda mbio hata kama aliyekaa ni rafiki. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa juu ya kipindi chake, yasome ukijua kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango.

Darasa lilikuwa na wanafunzi 68. Ulikuwa mwezi wa nne, maana yake watoto hawa walikuwa na kama miezi mitatu tu tangu lugha ya kufundishia iwabadilikie. Darasa la kwanza hadi la saba walisoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya masomo. Januari wakaingia sekondari, na ghafla baiolojia, jiografia, hisabati, vyote vikawa kwa Kiingereza. Mada ya siku hiyo ilikuwa kueleza mambo yaliyopita: ulifanya nini juzi, Jumapili ilikwendaje. Mada nzuri sana kwa kusema, kwa sababu hakuna mtoto asiye na juzi.

Nilichukua karatasi nikaigawa safu tatu: mwalimu, darasa zima kwa pamoja, mwanafunzi mmoja mmoja. Mkononi nilikuwa na saa. Kipindi ni dakika 40, lakini 6 ziliondoka kwa kuingia, salamu, kufuta ubao na kuita majina. Zikabaki 34. Kati ya hizo, mwalimu alisema dakika 26. Dakika 5 zilikuwa za kunakili ubaoni. Wanafunzi walibaki na dakika 3, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa kuitikia kwa pamoja. Waliosimama kusema peke yao walikuwa 7, na 6 kati yao walitoka safu tatu za mbele. Yule msichana wa mbuzi ndiye pekee aliyetoka nyuma.

Kilichonishughulisha zaidi ni kilichokuwamo ndani ya zile dakika 26. Karibu dakika 11 zilikwenda kueleza kanuni: kitenzi hiki kinaongezwa "ed", hiki kinabadilika umbo. Dakika 5 hivi za kurudia maelekezo yale yale, mara ya pili na ya tatu. Dakika 4 za kurudia majibu ya wanafunzi kwa sauti kubwa. Tatu za kunyamazisha na kuonya. Tatu nyingine zilimezwa na "Are we together?", maneno mengine ya aina hiyo na jibu lake; niliihesabu mara 19. Muda wa mwalimu kusimulia kitu chochote kwa Kiingereza, hadithi, tukio, safari ya sokoni, haukuwepo hata dakika moja. Yaani watoto walisikia Kiingereza kingi kuhusu Kiingereza, na hawakusikia Kiingereza kinachoeleza jambo.

Walimu wenzangu wanaujua wimbo wa nusu neno. Mwalimu anasema, "Regular verbs take e…?" na darasa linadondosha herufi iliyobaki: "D!" Anasema, "Yesterday I w…?" nao: "Went!" Darasa linasikika hai, linavuma kama mashine ya kusaga. Ukikaa nyuma, hata hivyo, unaona vinywa. Niliangalia safu mbili za mwisho wakati wa "Went!" moja yenye kishindo, nikahesabu vinywa vinne vilivyofunguka kati ya kumi na sita. Wengine walibebwa na wenzao.

Sisi tumekulia kwenye kuitikia. Mtambaji akisema paukwa, tunasema pakawa, na uzuri wa jambo hilo haupungui kwa watu kuitika pamoja. Lakini pakawa hufungua mlango tu, kisha hadithi huanza na mtambaji huibeba. Katika kipindi kile pakawa ilikuwa ndiyo hadithi nzima. Siwaambii walimu waache kuitikisha darasa. Kwa matamshi, kwa kumtoa aibu mtoto mgeni wa lugha, sauti ya pamoja ni kivuli kizuri. Shida ni kivuli hicho kinapokuwa mahali pa kujificha mwaka mzima.

Mambo haya yana majina katika taaluma yetu. John Sinclair na Malcolm Coulthard wa Chuo Kikuu cha Birmingham walieleza mwaka 1975 jinsi mazungumzo ya darasani yanavyokwenda kwa hatua tatu: mwalimu anaanzisha, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu ya jibu. Hesabu hatua hizo uone: mwalimu ana mbili, mwanafunzi ana moja, na ile moja imebanwa katikati. Mwanafunzi haanzi kamwe, wala neno la mwisho haliwi lake. Hata bila mwalimu kupenda kusema sana, umbo lenyewe linampa sehemu kubwa. Mtafiti wa elimu Ned Flanders naye, kwa kutazama madarasa ya Marekani, alikuta takriban theluthi mbili ya muda wa darasa kuna mtu anayesema, na theluthi mbili ya usemi huo ni wa mwalimu. Mwenzangu alikuwa amepita kiwango hicho, lakini tatizo lake ni la dunia nzima. Nilipomwambia hivyo mabega yake yalishuka kidogo.

Tulikaa ofisini baada ya chakula cha mchana nikampa karatasi. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: "Nikinyamaza, Madam, naona kama sifundishi."

Nikamwelewa. Andalio la somo alilokuwa ameliandika usiku lilikuwa safi. Alikuwa na mada za kumaliza kabla ya mtihani wa muhula. Mkuu wa shule akipita dirishani akakuta mwalimu amesimama kimya, atafikiri nini? Na mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa karatasi na kalamu; hakuna anayemsikiliza mtoto akisema. Ukijumlisha hayo yote, mwalimu anayesema dakika 26 amefanya kila kitu ambacho mazingira yake yanamtaka afanye. Kumwambia "punguza maneno" bila kugusa woga huo ni kumbebesha lawama tu.

Kwenye semina tunapewa kanuni ya asilimia: mwalimu 30, wanafunzi 70. Kwa darasa hili sikuipendekeza, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Chukua dakika 34 zile, mwalimu akae kimya kabisa toka mwanzo hadi mwisho, asiseme hata "sit down". Sekunde 2,040 ukizigawa kwa watoto 68, kila mmoja anapata sekunde 30. Hapo mwalimu ametoa kila alichokuwa nacho, na mtoto bado hajapata hata dakika. Ukifundisha kwa kusimamisha mmoja mmoja, darasa kubwa litakushinda daima, uwe mkarimu kiasi gani. Njia pekee ni watu wengi kusema kwa wakati mmoja. Watoto 68 wakigeukiana wawili wawili kwa dakika 8 tu, kila mmoja amesema dakika 4. Mwenzangu alichukua kalamu akairudia hesabu hiyo mwenyewe pembeni mwa karatasi, kama mtu anayehakiki chenji dukani.

Sababu ya pili ni kwamba watoto hawa wanahitaji kumsikia mwalimu. Kengele ya mwisho ikigonga, Kiingereza kinakwisha. Njiani, shambani, kisimani, sokoni, ni Kiswahili na lugha za nyumbani. Mwanaisimu Stephen Krashen alishikilia kwamba lugha huingia kwa mtu anaposikia na kusoma yale anayoyaelewa, yaliyomzidi kidogo tu. Kama ndivyo, mdomo wa mwalimu huyu ni mojawapo ya mito michache ya Kiingereza inayopita kijijini hapo, na sioni faida ya kuukausha. Lakini mtafiti Merrill Swain, mwaka 1985, aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliokuwa wakifundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Kusikia walisikia sana, kuelewa walielewa vizuri, ila walipofungua kinywa au kushika kalamu walikuwa bado nyuma ya wenye lugha yao. Hoja yake ni kwamba mtu lazima asukumwe azalishe lugha, kwa kuwa ni pale anapojaribu kusema ndipo anapogundua neno alilokosa. Yale macho yaliyopanda darini yalikuwa mahali hapo hapo. Msichana alikuwa ameligundua pengo lake, amesimama ukingoni, na mwalimu akalifunika kwa "was sick".

Basi tukakubaliana kwamba hatutapigania asilimia. Tutabadilisha aina ya maneno ya mwalimu, na tutaongeza ukimya wake mahali pawili.

Pa kwanza ni baada ya swali. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi Marekani katika miaka ya 1970, alikuta walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Watoto wale walikuwa wakijibu kwa lugha waliyoizoea. Mtoto wetu anasikia swali kwa Kiingereza, analipeleka kwenye Kiswahili, anapata jibu, analirudisha kwenye Kiingereza; safari nne ndani ya kichwa kimoja. Nikamwomba ahesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Akacheka akasema tano ni nyingi. Tukaacha ziwe tano.

Pa pili ni baada ya jibu. Asirudie jibu la mwanafunzi. Mwalimu akirudia kila jibu kwa sauti kubwa, darasa hujifunza kwamba hakuna haja ya kumsikiliza mwenzao. Wangoje tu toleo la mwalimu. Badala yake amgeukie mwingine amuulize mwenzako amesemaje.

Na zile dakika 11 za kanuni zikatwe ziwe 4, na mahali pake asimulie. Ana maisha, asimulie maisha.

Jaribio la kwanza liliharibika. Nililishuhudia, na nalieleza kwa kuwa walimu wengi huishia hapo hapo wakasema "mbinu hizi si za madarasa yetu". Aliwaambia wageukiane wazungumze kuhusu Jumapili iliyopita kwa dakika 10. Dakika ya kwanza palikuwa na Kiingereza. Dakika ya tatu Kiswahili kilikuwa kimetawala, nyuma wanabishana Simba na Yanga, wawili wanachora. Kelele zilipanda hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja mlangoni kutazama kama kuna mtu ndani. Mwenzangu akagonga ubao kwa dasta, akawanyamazisha, akarudi kwenye kanuni kwa muda uliobaki. Jasho lilikuwa linamtoka.

Tatizo lilikuwa kwenye kazi aliyowapa. "Zungumzeni" si kazi. Mtu mzima tu, ukimwambia azungumze kwa dakika 10 na jirani kwa lugha anayoanza kuijua, atatafuta pa kutorokea. Hapakuwa na kitu cha kutafuta kwa mwenzake, wala sababu ya kusikiliza, wala msaada kwa neno linalokwama.

Wiki iliyofuata alianza kwa kusimulia. Dakika tatu, kwa Kiingereza chepesi, namna bodaboda aliyopanda Jumamosi ilivyopasuka tairi kati ya Dumila na nyumbani, akasukuma pikipiki pamoja na dereva huku mvua inanyesha. Darasa lilitulia tuli. Hakuuliza "Are we together?" hata mara moja, nyuso zilionyesha. Kisha akaandika pembeni mwa ubao sentensi moja ya kuomba neno: "How do we say … in English?" Akawaeleza kwamba nafasi ile iliyoachwa wazi inaruhusiwa kujazwa kwa Kiswahili. Wapo wenzetu watakaopinga hilo, wanaosema neno moja la Kiswahili likiingia, yote yataingia. Mimi niliona kinyume. Mtoto aliyeruhusiwa kuomba neno moja hukiacha Kiingereza chake kikiwa kizima pande zote mbili za neno hilo; aliyekatazwa hukitupa chote.

Kazi ilikuwa fupi na ina masharti: muulize mwenzako maswali matatu kuhusu Jumapili yake, dakika mbili, mbadilishane, dakika mbili. Kisha mwalimu atachagua, na atakayesimama ataeleza habari za mwenzake, hazitakuwa zake. Sharti hilo la mwisho ndilo lililobeba kila kitu. Huwezi kusimulia Jumapili ya mtu ambaye hukumsikiliza. Kelele zilikuwepo, lakini zilikuwa za maswali, na mtu aliyezoea madarasa huijua tofauti hata akiwa nje ya mlango.

Nilisogea polepole hadi nyuma, karibu na yule msichana. Alikuwa ameinua mkono: "Teacher, how do we say kuzaa in English?" Mwalimu akampa, naye akaandika kiganjani kwa kalamu. Zamu ilipofika, mwenzake ndiye aliyeitwa kusimama, kijana mdogo mwenye sauti nyembamba. Akasema: "Her grandmother goat gave birth two. She was alone. She clean them with sack." Mwalimu akafungua kinywa. Nikaona vidole vyake vinagonga pembeni mwa suruali: moja, mbili, tatu. Akakifunga. Kabla hajafika tano, sauti ikatoka upande wa madirisha, haikuitwa na mtu: "What is the colour?" Msichana akajibu mwenyewe bila kusimama: "One black, one black and white."

Kati ya vipindi vyote nilivyokaa humo, lile lilikuwa swali la kwanza la mwanafunzi kwenda kwa mwanafunzi. Halikuwa swali la mtihani. Aliyeuliza alitaka kujua rangi ya mbuzi.

Makosa mwalimu aliyaandika mwishoni, bila majina, kwenye ubao: "gave birth two" akaiongezea kinachokosekana, "clean" akaipeleka wakati uliopita. Alipowaambia kwamba mtoto wa mbuzi kwa Kiingereza huitwa "kid", darasa liliangua kicheko, kwani hilo ni neno walilodhani ni la watoto wa watu. Sidhani kama watalisahau.

Niliipima tena karatasi. Mwalimu alisema dakika 15, kati ya hizo 3 za simulizi. Waliosimama mbele ya wote walikuwa 9, wawili tu zaidi ya siku ile ya kwanza, na hapa ndipo namba inapodanganya: mtu angetazama namba hiyo pekee akasema hakuna kilichobadilika. Kumbe watoto wote 68 walikuwa wamesema, kila mmoja kwa dakika mbili. Na mkuu wa shule alipita dirishani kweli. Alisimama, akasikiliza, akaondoka. Jioni alimuuliza mwenzangu kulikuwa na nini. Akamweleza, akamwonyesha na ile hesabu ya sekunde 30. Mkuu akasema wakati wa mazoezi hayo milango ifungwe. Tukalipokea hilo kama ruhusa.

Yamebaki magumu. Vipindi vya saa nane mchana, jua likiwa kali na wengine hawajala, wawili wawili hugeuka kulaliana mezani. Kusahihisha makosa mwishoni kunamwacha mwalimu na wasiwasi kwamba mengine yanamponyoka, na ni kweli yanamponyoka. Nusu neno nayo humrudia akichoka, juzi nilimsikia kwa mbali, "e…?" "D!"

Na wako watano ambao katika vipindi vinne sijasikia sauti zao mbele ya darasa. Mmoja ni kijana mrefu anayekaa karibu na mlango. Wakiwa wawili hunong'ona, nimemsikia, na anachonong'ona kina maana. Akiitwa, mwenzake humjibia haraka kwa huruma, kama vile mwalimu alivyokuwa akifanya. Mwalimu amepanga kumhamisha Jumatatu, amketishe na yule msichana wa mbuzi.